Mtazamo wa Pili

Paswadi ya Windows haifungi kitu. Nikiwaambia hivyo wateja wangu, wengi hudhani nawatania. Wanaamini kwamba kile kisanduku kinachowauliza neno la siri kila asubuhi ni kufuli, na nyuma yake kila walichokiweka kimehifadhika: hesabu za duka, barua, picha za watoto, mambo ya chumbani. Kumbe anayeuliza ni Windows, na Windows huuliza ikiwa macho tu. Nikichomeka flashi yangu, nikaiwasha mashine huku nabonyeza F12, au F9, au Esc, kutegemea kampuni iliyoitengeneza, mashine haiamki kwa Windows. Inaamka kwa Linux iliyomo kwenye flashi, na hapo hakuna wa kuuliza. Diski ya mteja inatokea pembeni mwa skrini kama diski nyingine yoyote. Nikiibofya naikuta folda ya Users, ndani yake jina la mwenyewe, na ndani ya jina lake mna maisha yake.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Niko Mji wa Kale, Mombasa, ghorofani juu ya fundi cherehani, na wateja wangu wengi ni wanawake. Sijidanganyi kwamba nawashinda mafundi wa kiume wa mjini kwa ujuzi. Wako wanaonizidi na mimi huwapelekea kazi za kuchomelea. Wanawake wanapanda ngazi zangu kwa sababu nami ni mwanamke, na kwa sababu wanajua, hata bila kuelezwa, kwamba fundi huona. Kwa hiyo swali ambalo wengine wanaweza kulisoma vitabuni mimi hulikuta mezani: je, kuweza kuona ni ruhusa ya kuona? Jibu la haraka kila mtu analo. Nimekuja kuamini kwamba jibu hilo la haraka halimsaidii fundi hata kidogo.

Asiyeijua Linux ya kuwashia asiidhanie uchawi wa wadukuzi. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima uliobanwa ukaenea kwenye sidii moja ya megabaiti 700, ingawa programu zake zikikunjuliwa zilifika kama gigabaiti 2. Hakuwa wa kwanza kabisa, maana Yggdrasil ilitangulia mwaka 1992, lakini sidii ya Knopper ndiyo iliyowazoesha mafundi kuamsha mashine bila kuigusa diski yake. Mfumo husomwa kutoka kwenye sidii, kazi zote hufanyika kwenye RAM, na umeme ukizimwa kila kilichoandikwa humo kinapotea. Mimi nilianza na sidii za Ubuntu zilizokuwa zikitumwa bure hadi kwenye sanduku la posta, mpaka mpango huo ukafungwa mwaka 2011. Leo laptopu nyingi hazina hata pa kuitia sidii, kwa hiyo nina flashi moja yenye SystemRescue, Linux ya kuokolea mashine, na Memtest86+ ya kupima RAM, na bado wazee wa kazi tunaiita sidii.

Faida yake kubwa ni kutenganisha. Mashine ikigoma hujui mgonjwa ni nani, chuma au programu. Ukiiwasha kwa flashi ikatulia, sauti ipo, skrini haichezi, intaneti inashika, basi chuma ni kizima na maradhi yako kwenye Windows. Ikijizima yenyewe hata kwa flashi, achana na Windows, chukua bisibisi ukatazame vumbi la feni. Diski nayo ina namna yake ya kusema. Unaiuliza kwa programu ya smartctl, inakutolea orodha ya hali yake, na mstari ninaoutafuta ni ule wa sekta zinazosubiri, yaani sehemu zilizokataa kusomeka. Hesabu hiyo ikiwa inapanda huku ndani ya diski mnasikika tik, tik, hakuna muda wa kutengeneza chochote. Hapo ninaitoa ddrescue, programu ya Antonio Díaz Díaz, ambayo naipenda kwa adabu yake. Inachukua kwanza sehemu zilizo nzima, inaruka zilizoumia, inaandika ramani ya ilikopita, kisha ndipo inarudi kwenye zile mbovu na kuzichota kidogokidogo. Fundi mwenye papara huanza na penye kidonda, na diski humfia mkononi.

Sasa angalieni nilichokifanya hapo. Nimechukua diski nzima ya mtu, kila sekta yake, nikaihamishia kwenye diski yangu. Flashi haibaki na kumbukumbu, lakini nakala hiyo inabaki kwangu, na mwenyewe yuko nyumbani kwake akisubiri simu.

Hakuna shahidi. Hilo ndilo jambo ambalo mtu asiye fundi halielewi vizuri. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, huko Kanada, walichapisha matokeo ya mtego wao. Walipeleka kwenye maduka ya ufundi laptopu zenye hitilafu ndogo ya kutengenezwa, sauti imezimwa, kazi isiyohitaji kufungua picha ya mtu yeyote. Ndani ya Windows walikuwa wameacha kinasa cha kurekodi kila kinachofunguliwa. Mafundi wa maduka sita waliyapekua mambo binafsi ya wenye mashine, wawili wakayanakili kwenye vifaa vyao, na laptopu zilizokuwa kwa majina ya wanawake ndizo zilizopekuliwa zaidi. Nilipoisoma habari hiyo sikushtushwa na tabia ya wenzangu. Nilichokiwaza ni kwamba walinaswa kwa kuingia kupitia Windows, ambamo mlikuwa na kinasa. Fundi anayeingia kwa flashi asingeandikwa popote, kwa kuwa kinasa chenyewe kingekuwa kimelala pamoja na Windows. Tarehe ya faili haibadiliki, orodha ya vilivyofunguliwa hivi karibuni haiongezeki, na mimi mwenyewe ndiye ninayeifunga diski ya mteja kwa kusoma tu, isiandikwe kitu juu yake. Naifanya hivyo ili nisimharibie. Hapohapo, kwa tendo hilohilo, nimefuta nyayo zangu.

Plato aliliwaza hili zamani sana. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Glaucon anasimulia habari ya mchungaji wa Lydia aliyeokota pete. Akiigeuza kidoleni haonekani. Mara akafika ikulu, akamlaghai malkia, akamwua mfalme. Glaucon anauliza kama yuko mwadilifu ambaye akiivaa pete hiyo atabaki mwadilifu. Sisi tuna kisa kinachojibu swali hilo, nacho watoto wa madrasa wanakijua: msichana wa Madina, wakati wa Sayyidna Umar, ambaye mamaye alimtaka atie maji kwenye maziwa ya kuuza kwa kuwa Umar hawaoni, naye akamjibu kwamba kama Umar haoni, Mola wake Umar anaona.

Ni jibu zuri, nami nalikubali kwa moyo wote. Lakini tazama visa hivyo viwili. Mchungaji aliutaka ufalme, mama wa msichana aliitaka faida. Vyote vinamhusu mtu mwenye tamaa na kinachomzuia. Fundi wa namna hiyo hanisumbui kifikra. Ni mwizi, na hukumu yake inajulikana. Huko Hong Kong mwaka 2008 picha za faragha za mwigizaji mashuhuri zilisambaa baada ya laptopu yake kupita kwa fundi, na fundi akahukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Hakuna cha kujadili hapo. Ninayetaka kumjadili ni fundi asiyetaka kitu chochote, aliyepewa kazi, ana haraka ya kuimaliza, na jicho lake likafika kabla yake.

Nitatoa mfano wa hapa kwetu. Harusi ya pwani ina usiku wa kupamba, usiku wa wanawake watupu. Bibi harusi anatolewa amepambwa, nywele wazi, mabega wazi, na wageni wake nao wamevua mabuibui, kila mmoja na kanzu yake ya gharama na dhahabu zake. Mlangoni wanasimama mashangazi wakikusanya simu. Anayepiga picha ni mmoja, mwanamke, aliyeaminiwa na familia mbili, na picha hizo zote zinalala kwenye laptopu moja. Laptopu hiyo siku moja inagoma kuwaka, zikiwa zimesalia siku chache albamu itakiwe, na mpiga picha anapanda ngazi zangu akihema.

Naiwasha kwa flashi. Nafungua folda. Na kabla sijagusa kitu, programu ya kuonyesha mafaili, kwa ukarimu wake, inaniandalia vijipicha: safu kwa safu, nyuso za wanawake wa mtaani kwangu, wengine ninaowajua kwa sauti tu nyuma ya nikabu. Mimi ni mwanamke, nao wangeweza kunialika, basi hapa hakuna kubwa. Lakini hawakunialika. Na laiti fundi angekuwa kaka yangu, angekuwa amewaona wote kabla ya kupepesa, wala hakukusudia.

Wanazuoni wana msingi wa jambo hili. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia Sayyidna Ali asiufuatishe mtazamo kwa mtazamo mwingine: wa kwanza, uliokuja bila kukusudia, hana lawama nao, wa pili si wake. Maneno haya husomwa kwenye mlango wa kuinamisha macho njiani. Mimi naona yanatufaa sana sisi tunaofungua diski za watu, ila kwa sharti moja ambalo sijasikia likitajwa kwenye darsa. Msamaha wa mtazamo wa kwanza unamhusu aliyeshtukizwa. Mimi nikijua kabisa kwamba folda ikifunguliwa vijipicha vitajipanga, nimeshtukizwa na nini? Mara ya kwanza katika maisha ya ufundi, sawa. Baada ya hapo mtazamo wangu wa kwanza umekwisha kutumika, na kila ninachokiona kwa kutojikinga kinahesabika kuwa mtazamo wa pili.

Kwa hiyo kujikinga kumekuwa sehemu ya ufundi. Kwenye Thunar, programu ya mafaili iliyomo kwenye SystemRescue, kuna mahali pa kuchagua vijipicha visionyeshwe kamwe. Nikiwasha flashi hilo ndilo la kwanza kufanya, kabla ya diski ya mteja kufunguliwa. Na kwa kuwa mfumo wa flashi husahau kila kitu umeme ukizimwa, husahau na chaguo hilo, nalazimika kulirudia kwa kila mashine. Iko njia ya kulihifadhi lisipotee. Sijaitumia, na sina mpango. Nia hutiwa kila mara.

Kazi yenyewe naifanya kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri, ambamo folda ni jina na ukubwa tu. Nanakili folda yote bila kuingia. Wengine wataniuliza: na utajuaje kwamba picha zimetoka salama kama hukuzifungua? Swali hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu kufanya kazi kwa ukamilifu nako ni ibada, na mteja hakulipa ili arudi na folda ya takataka. Hapa hesabu inasaidia. Kila faili inaweza kupigiwa alama yake, mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo. Nikipiga alama za asili na za nakala, zikilingana, kilichofika ndicho kilichotoka, nukta kwa nukta, na sikuona uso wa mtu. Lakini hesabu hiyo inanithibitishia nakala, hainithibitishii kwamba asili ilikuwa nzima. Diski ikiwa imeumia, picha inaweza kuwa nusu yake ni kijivu. Hapo namwita mwenyewe. Anakaa kwenye kiti changu, namgeuzia skrini, mimi nageukia dirishani, naye anapitia. Watu huona nimechukua muda mrefu. Ndivyo ulivyo, na bei yake iko ndani ya malipo.

Mjomba wangu ni mwalimu wa madrasa, na haya tunayabishania tukikutana kwa bibi siku za Ijumaa. Kwa fikihi, anasema, wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mkono wa fundi, yaani dhamana yake kwa alichokabidhiwa. Sayyidna Ali amepokewa kwamba aliwabebesha mafundi dhamana ya mali za watu, kwa kuona kwamba watu hawatatengenekewa bila hivyo. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wake ni wa amana, halipi kilichoharibika isipokuwa amezembea au amevuka mpaka. Nilimuuliza, "Mjomba, na kama hakuna kilichoharibika? Nimerudisha kila kitu kama kilivyokuja, ila nimetazama?" Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi umevuka mpaka mahali ambapo hakuna bei." Tangu hapo nimekubali kwamba sheria za dhamana, za dini na za serikali, zinapima hasara, nasi hapa nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Watanzania wana ya kwao ya mwaka 2022, nzuri zote, ila hazinifikii mimi ghorofani na flashi yangu.

Lililonifunga zaidi lilihusu mtu aliyekufa. Mama mmoja aliniletea laptopu ya mwanawe, kijana aliyefariki ghafla. Paswadi hakuna aliyeijua. Kwa flashi hilo si kikwazo, na mama alitaka picha. Nikamwambia nitamtolea folda ya picha na folda ya nyaraka, zilivyo. Akaniangalia.

"Toa kila kitu, mwanangu. Hata alivyovifuta. Nimeambiwa mnaweza."

Aliambiwa kweli. Ipo PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, nayo haijali majina wala folda. Inapita juu ya diski ikitambua faili kwa maumbo yake, na inaweza kuelekezwa kwenye nafasi tupu, ambako ndiko vilikolala vilivyofutwa. Inavitoa na kuvipanga kwenye folda zinazoitwa recup_dir, kila kimoja kikiwa na herufi f na tarakimu. Hujui ni nini mpaka ukifungue. Mtu aliyefuta picha za mwanawe kwa bahati mbaya, hiyo kwake ni rehema tupu, na nimeona machozi ya furaha mezani kwangu. Lakini vilivyofutwa kwa bahati mbaya na vilivyofutwa kwa kukusudia vimelala pamoja, na programu haijui nia. Mtu hufuta kwa sababu nyingi. Hufuta ili kupata nafasi. Hufuta pia akiwa ameacha jambo, ametubu, amefunga ukurasa, na hakuna ajuaye ila yeye na Mola wake. Mimi nikipitisha PhotoRec juu ya toba ya mtu na kumkabidhi mamaye, nimefanya nini?

"Mama," nikamwambia, "alivyovifuta alivifuta mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba anipe mpaka kesho yake, nikaenda kwa Mjomba. Nilidhani atakuwa upande wangu, maana yeye ndiye aliyenifundisha habari ya sitara. Akanipinga. "Na kama alikuwa na deni?" akasema. "Deni la maiti hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Na kama ameandika wasia? Wewe utasimama siku ile useme nilificha kwa heshima?" Nilikiri moyoni kwamba kuna usitiri ambao kwa kweli ni uvivu, unajiita adabu, lakini unamwachia marehemu mzigo shingoni.

Njia tuliyoipata ni ya kifundi, na inanipendeza mpaka leo. Kompyuta inaweza kutafuta neno ndani ya maelfu ya faili na kutoa majina ya zilizo nalo tu, bila kuonyesha mstari hata mmoja. Nyaraka za Word zimebanwa, kwa hiyo niliandika programu fupi ya kuzifungua kwenye RAM, kutafuta maneno deni, mkopo, nadaiwa, wasia, na mengine ambayo Mjomba aliyaongeza, kisha kuzifunga. Ilitoka orodha fupi ya majina. Zile faili walikaa wakazisoma mama na Mjomba. Mimi nilishuka chini kwa fundi cherehani. Folda za picha na nyaraka mama alizichukua kwenye flashi mpya. Nafasi tupu ya diski sikuigusa, na mama, baada ya kusemezana na Mjomba, hakuniomba tena.

Kazi hiyo ndiyo iliyonionyesha fundi yuko upande gani. Mafundi hupenda kujifananisha na daktari, na zile programu zetu za uchunguzi zinatuvimbisha kichwa. Mimi naona tuko karibu zaidi na mwosha maiti. Mwosha naye amepewa mwili usioweza kusema usiniangalie. Anaruhusiwa kugusa, kwa sababu kazi haifanyiki bila kugusa, lakini anaweka nguo kutoka kitovuni hadi magotini na anapitisha mkono chini yake ukiwa umefungwa kitambaa. Wanaume huoshwa na wanaume, wanawake na wanawake, ila mume na mke na watoto wadogo wana ruhusa yao. Akiona la kheri anaweza kulisema. Akiona la aibu, ni haramu kulisimulia. Kilichonigusa ni kwamba vitabu havikumwambia mwosha afumbe macho. Angefumba asingeosha. Vilimwekea nguo, kitambaa, na kinywa kilichofungwa, vitu vitatu ambavyo mtu anaweza kweli kuvifanya, badala ya kumwachia moyo wake peke yake. Mafundi hatujaandikiwa kitabu kama hicho. Kijana anajifunza flashi kwa video, anajua F12 kabla hajaambiwa kwamba kuna awra, yaani yasiyofaa kutazamwa.

Siku hizi wako wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa diski zinafungwa. Ni kweli zinafungwa. BitLocker husimba diski nzima, na tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024 mashine nyingi mpya hufungwa zenyewe mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Nikiwasha flashi yangu juu ya diski ya namna hiyo naona ukubwa wake, basi. Bila ufunguo wa tarakimu 48 hakuna Linux wala fundi atakayepita, na nimekwishawarudisha watu na mashine zao huku wakilia, kwa sababu ufunguo uko kwenye akaunti waliyofunguliwa na muuzaji na hawakumbuki hata jina lake. Yule mama, laiti mashine ya mwanawe ingekuwa mpya, asingepata picha hata moja. Bado nasema ni afadhali. Kufuli inayonizuia na mimi ndiyo kufuli. Nyingine zote zilikuwa hisani ya fundi. Lakini laptopu za zamani, zile za mtumba zinazoshushwa bandarini na kuuzwa madukani, zitakuwa mikononi mwetu miaka mingi, na nyingi kati ya hizo hazijafungwa.

Basi mashine yako ikigoma, usiitume na mtoto wala bodaboda. Ipeleke mwenyewe, au mpe mtu ambaye ungempa funguo za kabati lako. Mtajie fundi folda unazozitaka kwa majina, umwambie wazi kama unataka vilivyofutwa au hutaki. Muulize nakala atakayoitoa ataiweka wapi na ataifuta lini, na ombeni mfute pamoja. Kama una BitLocker, andika zile tarakimu 48 kwenye karatasi leo, uiweke pamoja na hati zako nyingine, na mmoja wa nyumbani ajue ilipo. Kisha kaa hapo kwenye kiti mpaka kazi iishe. Fundi akikwambia haruhusu mtu kukaa, chukua mashine yako, teremka ngazi, utafute mwingine.